Talaka ya mtaa mzima: viza ya mwenza iliyokwama Ngamiani

Nakala ya karatasi yenyewe ninayo hapa mezani. Ni nusu ukurasa wa daftari la mistari, umechanwa kwa rula, wino wa bluu. Inasema bwana fulani amemwacha mkewe fulani binti fulani talaka moja, Machi 2019. Chini kuna sahihi za mashahidi wawili, mmoja jirani na mwingine mjomba wa mume, kisha jina la msikiti. Haina mhuri wala namba. Na mume hakuiandika yeye. Alikuwa Leicester, Uingereza, akatamka kwa simu, kaka yake akaandika na kumsainia. Kwa miaka mitano karatasi hiyo ililala ndani ya Msahafu nyumbani kwa mama wa yule mwanamke, na hapakuwa na mtu Ngamiani aliyeitilia shaka. Mtaa mzima ulijua kuwa wale wameachana.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Tanga, si wakili. Kazi zangu nyingi ni mirathi, matunzo ya watoto na ugomvi wa mipaka ya mashamba. Viza za Uingereza hunijia kwa mgongo wa ndoa: mtu analetewa orodha ya vyeti, anakuja kuuliza apate wapi hiki na kile. Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya wote watatu wanaohusika. Majina sitaji, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha. Kosa moja ndani yake ni langu, nitalifikia.

Bwana ni mzaliwa wa Makorora, hapa hapa Tanga. Alikwenda Uingereza kusoma mwaka 2011, akaendelea kukaa kwa vibali halali, na mwaka 2022 akapewa ukaazi wa kudumu baada ya kutimiza miaka kumi. Pasipoti yake bado ni ya Tanzania. Anafanya kazi ghalani, zamu ya usiku. Mwaka 2014 alikuja likizo akaoa, wakapata mtoto mmoja. Huyo mke wa kwanza hakuwahi kukanyaga Uingereza. Ndoa ilikufa kidogo kidogo kama zinavyokufa nyingi za simu, mpaka ikafika ile karatasi ya 2019. Agosti 2022 akaoa tena, dada fundi cherehani wa Ngamiani anayeshona sare za shule. Ilikuwa harusi ya haja, ukumbi ulijaa, na hata ndugu wawili wa mtalaka walikuja kula pilau.

Sasa mke huyu wa pili alitaka kumfuata mumewe kwa viza ya mwenza. Kinachotakiwa Uingereza kwa viza hiyo kinajulikana kwa wengi, ingawa hapa mtaani watu huchanganya nchi. Marekani mdhamini husaini fomu ya kubeba dhamana ya kifedha ya mwenzake. Kanada huahidi kumtunza mwenza kwa miaka mitatu, na mwenza aliyeombewa akiwa nje huwa mkaazi wa kudumu siku anapotua. Uingereza hapana. Kule mwenza hupewa kwanza miaka miwili na miezi tisa, kisha huongezewa miaka miwili na nusu, na akishatimiza miaka mitano ndipo anaomba ukaazi wa kudumu. Haki ya kufanya kazi ndiyo huja mapema, tangu siku ya kwanza, kazi yoyote ya kuajiriwa au kujiajiri. Asichoruhusiwa ni kuchukua misaada ya serikali.

Mdhamini awe raia wa Uingereza au mwenye ukaazi wa kudumu. Awe na kipato cha kutosha na mahali pa kuishi pasipo na msongamano. Mwombaji afaulu mtihani wa kuongea na kusikiliza Kiingereza, ngazi ya A1, ile ya mwanzo kabisa, na apimwe kifua kikuu kwa sababu Tanzania iko kwenye orodha ya nchi zinazotakiwa kupima. Na ndoa iwe halali kwa macho ya sheria yao. Hili la mwisho ndilo watu wa kwetu hulipita haraka, kwa sababu ndoa ndicho kitu tulicho na uhakika nacho zaidi. Picha zipo, video ipo, cheti kipo, shehe yupo na anapokea simu.

Dada alikuja kwangu Januari 2024 na bahasha nene. Ndani mlikuwa na kurasa zaidi ya mia nne za mazungumzo ya WhatsApp, zimechapwa zote, pamoja na salamu za asubuhi na picha za maua. Nikamwambia apunguze abaki na ishirini, za miezi tofauti, zile wanazozungumzia kodi ya nyumba, ugonjwa wa mama, tiketi za ndege. Afisa hana haja ya kusoma mapenzi yao, anataka kuona maisha yao. Nilijivunia ushauri huo. Halafu nikafika kwenye ile nusu karatasi ya talaka na tafsiri yake ya Kiingereza, nikaisoma, nikaona inasema kilichotokea, nikaigeuza nikaendelea na taarifa za benki.

Hilo ndilo kosa langu. Nafanya kazi na Sheria ya Ndoa ya 1971 kila wiki, na najua kwamba kwa sheria hiyo ndoa iliyofungwa hapa haivunjwi na karatasi ya nyumbani. Hata ndoa ya Kiislamu inapita Baraza la Usuluhishi kwanza, Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, na mahakama ndiyo inayotoa talaka. Kifungu cha 107(3) kinaitambua talaka ya Kiislamu, lakini kwa mpangilio: hati ya Baraza itangulie, talaka itamkwe baada yake, kisha mahakama itoe amri. Yetu ilitamkwa bila Baraza na haikufika mahakamani. Nililijua hilo, ila sikulikumbuka, kwa sababu na mimi ni mtu wa mtaa huu na nilishawahesabu kuwa wameachana.

Maombi yakaenda mwishoni mwa mwezi huo huo. Ada paundi 1,846. Tozo ya huduma ya afya wakati ule ilikuwa paundi 624 kwa mwaka, na kwa muda wa viza hiyo walitozwa miaka mitatu, paundi 1,872. Mshahara wa bwana ulikuwa paundi 24,300 kwa mwaka na kiwango kilichotakiwa kilikuwa 18,600, kwa hiyo upande wa fedha walikaa vizuri. Fomu inauliza kama mdhamini aliwahi kuoa. Walijibu ndiyo, ameacha, wakaambatisha karatasi.

Hapa niseme jambo. Kuna kijana mmoja mwenye kujiita wakala ambaye alimwambia dada ajaze kwamba mume hakuwahi kuoa, "kupunguza maswali". Bahati nzuri alikataa. Uongo wa namna hiyo ukigundulika haiishii kwenye kukataliwa, mtu anaweza kufungiwa mpaka miaka kumi. Na ungegundulika, kwa sababu mtoto wa ndoa ya kwanza yuko kwenye maombi ya zamani ya baba yake ya ukaazi. Ukweli wao haukuwapa viza, lakini ndio uliowaachia mlango wa kurudi.

Barua ya kukataliwa ilifika Mei 2024, kurasa tano. Kipato kimekubaliwa, Kiingereza kimekubaliwa, uhusiano wenyewe haukutiliwa shaka. Tatizo lilikuwa aya mbili tu: hakuna ushahidi kwamba ndoa ya kwanza ya mdhamini ilivunjwa kwa njia inayotambuliwa, kwa hiyo afisa hakuridhika kwamba ndoa ya pili ni halali.

Dada alinisomea kwa sauti akiwa amesimama mlangoni, baibui bado limejaa vumbi la bodaboda. Alipomaliza akauliza, "Kaka, wanasema yeye bado ana mke?"

Ndiyo, ndivyo walivyosema. Na ukiichambua sheria yao, hawakuropoka. Uingereza ina Sheria ya Familia ya 1986 inayoeleza talaka ya nje itambuliwe vipi. Inagawa talaka mafungu mawili. Kuna iliyopatikana kwa mwenendo, yaani mbele ya mahakama au chombo chenye mamlaka, na kuna isiyo na mwenendo wowote, kama mtu kutamka tu. Hii ya pili ina masharti makali, na mojawapo ni kwamba pasiwe na hata mmoja kati ya wanandoa aliyekuwa akiishi Uingereza kwa mwaka mzima kabla ya talaka. Bwana wetu alitamka akiwa Leicester, na alikuwa ameshakaa kule miaka minane. Angetamka yuko Makorora, angali mkaazi wa Makorora, hadithi ingekuwa na sura nyingine. Hata hivyo angebaki na kikwazo cha pili, maana talaka hiyo inatakiwa iwe na nguvu kisheria mahali ilipotolewa, na hapa kwetu bila mahakama haikuwa nayo.

Kuna jambo lililomchanganya zaidi mama yake dada. Cheti cha ndoa ya 2022 kilionyesha kuwa ndoa ni ya Kiislamu, na kwa sheria yetu ndoa hiyo huchukuliwa kuwa inaweza kuwa ya wake wengi. Mama alidhani hilo ndilo limewaudhi Waingereza. Hapana. Ndoa inayoruhusu wake wengi kwa jina tu, ikiwa kila mmoja alikuwa hana mwenza mwingine siku ya kuoana, sheria yao haiibatilishi kwa sababu hiyo. Shida ilikuwa kwamba kwa makaratasi bwana alikuwa na mke mwingine siku hiyo.

Tulipata mwanasheria wa uhamiaji kule kwa saa moja ya kulipia. Akatuonyesha njia. Ya kwanza, kukata rufaa ndani ya siku 28 na kubishania makazi ya asili ya bwana: kwamba yeye bado ni mtu wa Tanzania anayekusudia kurudi, kwa hiyo uwezo wake wa kuoa upimwe kwa sheria ya Tanzania, ambayo inamruhusu mke wa pili. Ni hoja yenye miguu. Lakini fikiria inavyosikika ukiisema kwa sauti. Mtu aliyeomba ukaazi wa kudumu anasimama mbele ya jaji kusema hakusudii kudumu, tena kwa kukiri kwamba ana wake wawili. Njia ya pili ilikuwa viza ya mchumba, ya miezi sita, ukaolewe kule. Hiyo hairuhusu kazi, na ukishaolewa unalipa ada nyingine. Fundi akae miezi sita bila kushona? Dada aliikataa kabla sijamaliza kuieleza. Ya tatu, kurekebisha mzizi: talaka ya mahakama hapa Tanga, ndoa ifungwe upya baada yake, maombi mapya.

Tukachagua ya tatu, na hapa mwenye ujuzi zaidi yangu anaweza kunibishia. Kwani Aprili 11, 2024, wakati maombi yao bado yako mezani kwa afisa, kiwango cha kipato kilipandishwa kutoka paundi 18,600 hadi 29,000. Waliokuwa wameomba kabla ya tarehe hiyo walibaki kwenye kiwango cha zamani, na wangebaki nacho hata kwenye kuongeza muda, mradi ni kwa mwenza huyo huyo. Kuacha rufaa maana yake ilikuwa kuaga 18,600 moja kwa moja. Tozo ya afya nayo ilishapanda Februari 6 ya mwaka huo, kutoka 624 hadi 1,035 kwa mwaka. Ile ya kwanza walirudishiwa, ada hawakurudishiwa. Kwa hiyo nusu karatasi ya daftari iliwapandisha ngazi ya mshahara kwa zaidi ya paundi elfu kumi. Bado naona rufaa ingewaweka kwenye foleni mwaka mzima au zaidi kutetea jambo ambalo mahakama ya hapa ingelitengeneza kwa miezi michache. Lakini sisemi uamuzi huo haukuwa na gharama.

Sasa, talaka ya mahakama inahitaji watu wawili, na mmoja wao alikuwa hana sababu yoyote ya kutusaidia.

Mtalaka anaishi Duga kwa mama yake, anauza vitafunwa asubuhi, mihogo ya nazi na bagia. Wazee wawili wa upande wa mume walimwendea kwanza bila kuniambia, na wakalivuruga. Walimwambia ni kusaini tu. Nilipokwenda mimi wiki iliyofuata alinipokea kwa adabu zote, akanipa kiti, akanipa chai, kisha akasema, "Shemeji zangu walikuja kutafuta karatasi. Mimi nimekaa miaka mitano nikitafuta yangu, sikuona aliyebisha hodi."

Alikuwa na orodha kichwani. Mahari iliyobaki, shilingi laki tatu, iliyoandikwa kwenye cheti kuwa italipwa baadaye. Masurufu ya eda ambayo hakuwahi kupewa. Kitoka nyumba, yaani kile apewacho mke anapoachwa. Na kiwanja cha Kange, kilichonunuliwa 2016 wakati wa ndoa. Kuhusu mtoto hakulalamika sana, fedha za shule zilikuwa zikija, japo kwa kuchelewa.

Kaka wa mume akaja juu. Kiwanja kilinunuliwa na fedha za Leicester, yule hakutoa hata senti, alikuwa amekaa nyumbani. Ilibidi nimweleze habari ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, shauri la Mahakama ya Rufani la 1983, ambalo kila anayegusa mambo ya ndoa nchi hii analijua: kazi za nyumbani na kulea ni mchango katika mali ya ndoa. Akasema hayo ni ya mahakamani. Nikamjibu ndiko tunakokwenda.

Wapo walioona kwamba tunamnunua. Sioni hivyo. Kila alichotaja kilikuwa kinadaiwa tangu 2019, ila mdai alikuwa hana nguvu ya kudai. Viza ya mwanamke mwingine ndiyo iliyompa. Ni kinyume cha mambo, lakini ndivyo ilivyokuwa, na yeye mwenyewe aliliona hilo akalichekea. Mwisho walikubaliana shilingi milioni mbili na nusu kwa mafungu mawili kumaliza mahari, eda na kitoka nyumba, na kiwanja kikauzwa, fedha wakagawana nusu kwa nusu.

Bwana alikuja Agosti 2024 kwa wiki mbili. Kikao cha Baraza nitakikumbuka. Kazi ya Baraza kisheria ni kusuluhisha, kwa hiyo wazee wanne waliovaa kanzu safi walilazimika kuwauliza watu walioachana miaka mitano, mmoja wao ana mke mwingine amekaa nje kwenye benchi, kama hakuna uwezekano wa kurudiana. Mtalaka alijifunika uso na ukaya, mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Mzee mmoja naye akashindwa kujizuia. Hati ya kushindikana kwa usuluhishi ikaandikwa siku hiyo hiyo.

Mwanamke ndiye aliyefungua shauri Mahakama ya Mwanzo, kwa sababu yeye yuko hapa na mume angerudi kazini. Hatukuegemea ile talaka ya simu. Tuliegemea kutengana: sheria inahesabu kutengana kwa hiari kwa miaka mitatu au zaidi kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Bwana alitoa ushahidi kabla ya kuondoka, akakubali madai, makubaliano ya mali yakaingizwa kwenye kumbukumbu. Hukumu ikatoka Septemba. Niliomba nakala tatu zilizothibitishwa, kila moja na mhuri unaosomeka. Ya kwanza niliyopewa mhuri ulikuwa umepauka, tarehe haionekani, nikairudisha kwa karani. Alinikasirikia kidogo. Ningekuwa na macho hayo Januari tusingefika hapo.

Kisha ikaja ile niliyokuwa naiogopa zaidi. Mwanasheria alikuwa amesema ndoa ifungwe upya baada ya hukumu, na vyeti vyote viwili vipelekwe na barua ya maelezo, kisifichwe hata kimoja. Nilimwita dada na mama yake nikawaeleza. Dada alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kwa hiyo miaka miwili hii mimi nilikuwa nani?"

Sikuwa na jibu la kumtosha, nikampeleka kwa shehe aliyewafungisha 2022. Shehe akamwambia kwamba kwa dini ndoa yake haina dosari, mume aliacha kwa talaka iliyosihi na hata kama asingeacha, yeye angekuwa mke wa pili na si kingine. Kurudia akdi hakuvunji iliyotangulia. Alichokuwa akihitaji ni cheti kisicho na maswali. Maneno hayo yalimtuliza mama zaidi ya binti. Binti alituliza nafsi yake kwa njia yake: akataka mahari mpya, na akaitaja, cherehani ya mota ya kushonea nguo nzito. Bwana akacheka kwenye simu, lakini akanunua.

Ndoa ilifungwa Desemba baada ya swala ya Alasiri, sebuleni, watu kumi na mmoja, kahawa na halua. Hapakuwa na ngoma. Mama alikataa katakata, alisema hawezi kuwaeleza majirani kwamba mwanawe anaolewa na mumewe. Kwenye cheti, penye hali ya bwana harusi kabla ya ndoa, shehe aliandika mtalaka, na safari hii hukumu ya kuthibitisha neno hilo ilikuwapo.

Fedha sasa. Kutoka paundi 24,300 kufika 29,000 pengo ni 4,700. Akiba ingeweza kuziba badala ya mshahara, lakini anayetegemea akiba peke yake anatakiwa awe na paundi 88,500 zilizokaa benki miezi sita, na mwenye fedha hizo hana haja ya kusoma habari hizi. Mapato ya dada ya ushonaji hayahesabiki, kazi ya nje ya Uingereza ya mwombaji haiingii kwenye hesabu. Rafiki wa bwana alimshauri aendeshe teksi za mtandaoni. Ushauri mbaya kwa wakati ule: aliyejiajiri anatakiwa aonyeshe mwaka mzima wa kodi, na mwaka wao wa kodi huanza na kuisha Aprili, kwa hiyo angesubiri sana. Kazi ya kuajiriwa, hata ya saa, inataka miezi sita tu ya slipu za mshahara.

Akapata kazi ya wikiendi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kuanzia katikati ya Septemba, kwa kima cha chini cha wakati huo, paundi 11.44 kwa saa. Saa nane kwa wiki zingempa 4,759 kwa mwaka, zinatosha kwa kupitiliza paundi hamsini na tisa. Nilimsihi asifanye nane. Kazi ya saa huhesabiwa kwa wastani wa miezi sita, na wiki moja ya mafua ingemtoa nje. Akafanya kumi. Ile safari ya Desemba ilimkosesha wikiendi mbili bila malipo, tukapiga hesabu upya: wiki 24 badala ya 26, mara mbili, jumlisha mshahara wa ghalani, 29,791. Alibaki ndani kwa paundi chini ya mia nane. Kwa saa nane angekuwa nje.

Maombi ya pili yalikwenda mwishoni mwa Machi 2025, kabla ada haijapanda Aprili kuwa 1,938. Kiingereza hakurudia, cheti kilikuwa hai. Kifua kikuu alirudia, kwa sababu cheti chake hudumu miezi sita tu, na hiyo ni safari nzima ya Dar kwa basi la alfajiri. Alipokuwa huko huko akapiga picha na kuweka alama za vidole. Slipu za mwisho na taarifa za benki zilikuwa za ndani ya siku 28 kabla ya maombi. Ada na tozo ya afya kwa pamoja zilikuwa paundi 4,951, zaidi ya milioni kumi na tano za hapa. Barua ya maelezo niliiandika mimi, ukurasa mmoja, tarehe kwa tarehe: ndoa ya 2014, talaka ya mdomo 2019, ndoa ya 2022, kukataliwa 2024, hukumu, ndoa ya Desemba. Sikuweka sifa wala kuomba huruma.

Viza ilitoka Juni. Dada ataongeza muda mwanzoni mwa 2028 akiwa na Kiingereza cha A2, na miaka mitano ikitimia, kwa kanuni za wakati alipopewa viza, atahitaji B1 na mtihani wa maisha ya Uingereza. Uraia ni jambo jingine, maana mtu mzima hapa kwetu haruhusiwi kushika viwili, na amesema hilo halina haraka. Alichouliza sana kabla ya kuondoka ni kama akifika anaweza kushona nyumbani na kuuza. Anaweza, akijisajili kwa mambo ya kodi. Ile cherehani ya mahari haikuingia kwenye mizigo, amemwachia binamu yake.

Lakini hakuwa wa kwanza kuitumia hukumu ile. Mwezi Februari, maombi ya Uingereza hata hayajapelekwa, mtalaka alikuja ofisini na mwanamume mpole wa Pongwe, mfanyabiashara wa machungwa. Walitaka kuoana, na shehe wa upande wa mwanamume aliomba kuona uthibitisho kwamba mwanamke hana mume. Nikamtolea moja ya zile nakala tatu. Aliushika mhuri kwa kidole, akausoma mpaka mwisho, kisha akanirudishia akaomba nimpigie fotokopi mbili zaidi, moja akaiweke ndani ya Msahafu.